5040, Mvunja Sheria wa Mwisho

Wapenda namba wakiulizwa ni ipi wanayoipenda zaidi, wengi hukimbilia namba tasa. Utasikia 7, utasikia 17, utasikia 37. Kinachowavuta ni ule ukaidi: namba tasa haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe, basi inaonekana ina msimamo. Mimi niko upande wa pili. Namba ninayoipenda haina ukaidi hata chembe. Ni 5040, na kwa muda mrefu niliipenda kwa upole wake tu, kabla sijajua kwamba imesimama mlangoni pa swali gumu kuliko yote kuhusu hizo hizo namba tasa.

Tuanze na upole. Igawanye 5040 kwa 2, kwa 3, kwa 4, endelea hivyo mpaka 10: hakuna baki. Inagoma kwa 11, kisha inakubali tena kwa 12, 14, 15, 16, 18, 20, 21, 24, 28, 30. Ukivihesabu vigawo vyake vyote, kuanzia 1 mpaka yenyewe, unapata 60. Hakuna namba ndogo kuliko 5040 inayofikisha idadi hiyo, wala inayoikaribia: inayoifuata kwa chini ni 2520, yenye vigawo 48. Kati ya 2520 na 5040 zimo namba zaidi ya elfu mbili na mia tano, na hakuna hata moja inayoipita 2520 kwa wingi wa vigawo.

Mpiga debe wake mashuhuri kuliko wote ni Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Kazi yake ya mwisho, Nomoi, yaani Sheria, ndiyo ndefu kuliko zote alizoandika. Ndani yake wazee watatu, Mwathene, Msparta na mwenyeji wa kisiwa cha Krete, wanatembea kisiwani humo huku wakijadili namna ya kuanzisha mji mpya. Wanapofika kwenye swali la mji uwe na kaya ngapi zenye ardhi, Mwathene anasema lazima ardhi na majirani waangaliwe, kisha anataja namba: 5040.  Na sababu anayoitoa ya kuichagua ni vigawo. Mtunga sheria, anasema, lazima ajue namba ipi inaifaa miji yote, na hii inagawanyika kwa 1 hadi 10 bila kuruka hata moja, na kwa jumla ina vigawo sitini kasoro kimoja. (Hakuihesabu 5040 yenyewe.) Itafaa wakati wa vita na wakati wa amani, kwenye mikataba, kodi na ugawaji.

Na kweli anaitumia. Mji una makabila 12, kila kabila kaya 420, na 420 nayo inagawanyika kwa 12. Baraza lina watu 360, nao wanapangwa katika mafungu 12 ya watu 30 ili kila fungu lishike zamu ya mwezi mmoja. Watu hao hao wanatoka katika matabaka manne ya mali, 90 kutoka kila tabaka. Huwezi kumpata Plato na sehemu iliyovunjika mkononi.

Ila ile 11 inamkera. Anairudia mbele zaidi katika kitabu hicho hicho, akisema kwamba 5040 inagawanyika kwa namba zote kuanzia 1 mpaka 12 isipokuwa 11, na kwamba hata kasoro hiyo dawa yake ni ndogo sana: weka kando kaya mbili. Ni kweli, 5038 ni 11 mara 458. Nacheka kila ninaposoma hapo. Ni mwanafalsafa mkubwa kiasi hicho, yuko uzeeni, ana mji mzima wa kubuni kichwani, na bado hawezi kulala mpaka amalizane na baki la 2.

Lakini mapenzi hayo yana upande wa giza. Ili vigawo visiharibike, idadi ya kaya haitakiwi kubadilika milele. Mtoto mmoja tu wa kiume anarithi shamba, wengine wapewe wasio na watoto, na wakizidi sana watu wapelekwe kuanzisha makazi mengine. Hapo ndipo ninapoachana naye. Namba nzuri ya kugawia vitu si lazima iwe nzuri ya kuishi ndani yake. Aristotle, mwanafunzi wake, naye hakupendezwa, ingawa kwa sababu nyingine: alisema watu wengi kiasi hicho wanaokaa bila kazi za mikono watahitaji ardhi yenye ukubwa wa Babiloni. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba katika pingamizi lake aliwataja kama watu 5000. Alizifuta zile 40 kana kwamba ni makombo, wakati hoja yote ya mwalimu wake ilikuwa ndani ya hizo 40.

Sasa tuifungue tuone imejengwaje. Ukizidisha 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 × 7 unapata 5040. Wanahisabati huiandika 7! na kuiita faktoria ya 7. Lakini ukizidisha 7 × 8 × 9 × 10 unapata pia 5040. Mara ya kwanza mtu anaweza kudhani ni mchezo wa macho. Siri ni kwamba 2 × 3 × 4 × 5 × 6 ni 720, na 8 × 9 × 10 ni 720 vilevile, kwa hiyo 7 inaweza kusimama kati na kuzidishwa upande wowote. Matokeo yake ni kwamba faktoria ya 10, ambayo ni 3,628,800, ni faktoria ya 6 mara faktoria ya 7. Na kwa kuwa 720 ni 6 × 120, yaani 3! × 5!, unaweza hata kuandika 10! = 3! × 5! × 7!. Namba tatu witiri zinazofuatana, zote tasa, faktoria zake zinakutana kwenye 10. Bado sijachoka kuitazama mistari hiyo.

Faktoria ni hesabu ya mipangilio. Vitabu saba rafuni vinaweza kupangwa kwa namna 5040. Walioichukulia hesabu hii kwa uzito kuliko wote ni wapigakengele wa makanisa ya Uingereza. Wana kengele saba, kila moja na mtu wake na kamba yake. Wanazipiga zote kwa mfuatano fulani, kisha kwa mfuatano mwingine, na kuendelea hivyo hadi waimalize mifuatano yote 5040 bila kurudia hata mmoja. Kuna sharti: kutoka mfuatano mmoja hadi unaofuata, kengele haiwezi kusogea zaidi ya nafasi moja, kwa sababu kengele ni nzito na hairukiruki unavyotaka. Hakuna anayesoma karatasi, kila mpigaji anabeba utaratibu kichwani. Kazi hiyo huchukua saa tatu hivi bila kupumzika. Inaaminika kwamba waliofanikiwa kwanza kwa usahihi walikuwa wapigakengele wa kanisa la St Peter Mancroft huko Norwich mwaka 1715. Mpaka leo kiwango chao cha chini cha onyesho kamili kwa kengele nyingi zaidi ni mabadiliko 5000, kiwango kilichotokana na 5040 hii hii. Aristotle angewaelewa.

Tusogee hatua moja mbele ya 5040. Ongeza 1 upate 5041, na 5041 ni mraba kamili: 71 × 71. Si ajabu ndogo. Faktoria ya 4 ni 24, ongeza 1 unapata 25, mraba wa 5. Faktoria ya 5 ni 120, ongeza 1 unapata 121, mraba wa 11. Faktoria ya 6 inaharibu, kwa kuwa 721 si mraba. Ya 7 inarudi na 71. Halafu kimya. Mfaransa Henri Brocard aliuliza mwaka 1876, na tena 1885, kama kuna faktoria nyingine yenye tabia hiyo. Mwanahisabati wa India, Srinivasa Ramanujan, aliuliza swali hilo hilo mwaka 1913. Kufikia mwaka 2000, Bruce Berndt na William Galway walikuwa wametafuta kwa kompyuta mpaka faktoria ya bilioni moja bila kupata ya nne. Hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Kwa namna nyingine ya kulitazama jambo hilo, 5040 ni 70 × 72, namba mbili jirani zilizoachana kwa 2 tu. Ni nadra faktoria kukubali kugawanywa katikati kwa usawa wa karibu namna hiyo, na 5040 ndiyo kubwa kuliko zote zinazojulikana kufanya hivyo.

Kuna mengine ambayo watu huyataja na mimi huyapita haraka. 5040 ni jumla ya namba tasa 42 zinazofuatana, kuanzia 23 hadi 229. Ni kweli, unaweza kujumlisha mwenyewe. Ni idadi ya dakika za nusu wiki, siku tatu na saa kumi na mbili. Hayo ni mapambo. Ukitafuta kwa bidii, kila namba ina mapambo ya aina hiyo. Ninachokitaka katika namba ni kitu ambacho kisingeweza kuihusu namba nyingine.

Na kitu hicho kipo.

Chukua namba yoyote, jumlisha vigawo vyake vyote, na yenyewe ikiwemo, kisha ugawe jumla hiyo kwa namba yenyewe. Uwiano unaoupata unapima upole wa namba. Kwa 6, vigawo ni 1, 2, 3 na 6, jumla 12, uwiano 2. Kwa namba tasa, vigawo ni viwili tu, hivyo uwiano unazidi 1 kwa kiasi kidogo sana: kwa 101 ni 102/101. Kwa 5040 jumla ya vigawo ni 19,344, na uwiano ni 3.838.

Je, uwiano huu unaweza kupanda kiasi gani? Unaweza kupanda bila mwisho, lakini kwa mwendo wa taratibu mno. Mwaka 1913 mwanahisabati Thomas Gronwall alionyesha kasi ya juu kabisa ya upandaji huo. Chukua logi asilia ya namba yako (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), kisha chukua logi asilia ya jibu, kisha zidisha kwa 1.781 na kitu. Namba zenye upole kupita zote hukisogelea kiwango hicho kadiri zinavyokua. Ili uone jinsi mwendo ulivyo wa taratibu: kwa kipimo hicho, ukitaka uwiano ufike 10 tu, utahitaji namba yenye tarakimu zaidi ya 100.

Kitu ambacho Gronwall hakukisema ni kama kiwango hicho kinaweza kuvukwa njiani. Namba ndogo huvuka. Piga hesabu ya 5040: logi yake ni 8.525, logi ya hiyo ni 2.143, zidisha kwa 1.781 upate 3.817. Uwiano wa 5040, tuliona, ni 3.838. Imevuka. Imevuka kwa sehemu ndogo, mbili katika mia, lakini imevuka. Ukianza na 2 na kwenda juu, wavukaji wa aina hiyo ni 27: zimo 12, 60, 360, 720, 2520, zimo hata 3 na 5, kwa sababu kwa namba changa sana kile kiwango kiko chini mno na karibu kila mtu anakivuka. Wa 27 ni 5040. Baada yake hajaonekana mwingine.

Mwaka 1984 mwanahisabati wa Ufaransa, Guy Robin, alithibitisha kwamba swali la kama yupo mwingine ni sawasawa kabisa na nadharia tete ya Riemann. Bernhard Riemann aliitoa mwaka 1859 katika andiko fupi kuhusu namna namba tasa zinavyotawanyika, na haijathibitishwa wala kukanushwa mpaka leo. Taasisi ya Clay ya Marekani iliiwekea zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000. Sema kwamba hakuna namba iliyo juu ya 5040 inayovuka kile kiwango, nawe umeisema nadharia tete ya Riemann. Leta namba moja tu inayovuka, na nadharia nzima imeanguka.

Nilipokutana na jambo hili mara ya kwanza sikuliamini. Ilikuwaje swali kuhusu namba kaidi ligeuke kuwa swali kuhusu namba pole? Jibu, kadiri ninavyolielewa, liko katika namna namba pole zinavyotengenezwa. Vipande vyake ni namba tasa. 5040 ni 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7. Kila kipande kina mchango wake katika uwiano: zile 2 nne zinaleta 31/16, zile 3 mbili zinaleta 13/9, 5 inaleta 6/5, 7 inaleta 8/7. Vizidishe vyote na 3.838 inatokea.

Sasa fikiri kama mtu mwenye bajeti. Ukubwa wa namba ndiyo fedha yako, na uwiano ndiyo bidhaa unayonunua. Kutoka 5040 unaweza kununua 2 nyingine. Ni rahisi, ukubwa unazidi mara mbili tu, lakini mchango wa zile 2 unatoka 31/16 kwenda 63/32, nyongeza ndogo. Unapata 10080 yenye uwiano 3.9, wakati kiwango chake ni 3.956. Umebaki chini. Au nunua 11. Ni ghali, ukubwa unazidi mara kumi na moja, nyongeza ni 12/11. Unapata 55440, uwiano 4.187, kiwango 4.258. Umebaki chini tena. Ni ile 11 iliyomnyima Plato usingizi, na hapa pia ndiyo inayoharibu mambo: imechelewa kuja. Laiti baada ya 7 namba tasa inayofuata ingekuwa 8 au 9, hesabu ingetoka tofauti.

Na hivyo ndivyo inavyoendelea huko juu. Mjenzi wa namba pole hachagui bei. Bei zimewekwa na mahali namba tasa zinapotokea. Zikitawanyika kwa utulivu ambao Riemann aliudhania, hakuna bajeti itakayotosha kukivuka kiwango. Zikiwa na vurugu iliyojificha mahali fulani mbali, basi mahali hapo mjenzi mjanja atapata upenyo. Robin alionyesha zaidi ya hapo: kama nadharia ya Riemann si kweli, wavukaji hawatakuwa mmoja wala wawili, watakuwa wengi wasio na idadi.

Ramanujan alikuwa amefika karibu na hapa mapema. Mwaka 1915 alichapisha London andiko refu kuhusu namba zenye vigawo vingi kuliko zote zilizozitangulia, na 5040 ni ya 19 katika orodha hiyo. Chama kilichochapisha andiko hilo kilikuwa na shida ya fedha, na sehemu ya andiko ikaachwa. Katika sehemu iliyoachwa, Ramanujan alikuwa ameonyesha kwamba, nadharia ya Riemann ikiwa kweli, namba zote kubwa vya kutosha hubaki chini ya kiwango. Karatasi hizo hazikuchapishwa mpaka 1997, na mmoja wa wahariri wawili walioziandalia maelezo, pamoja na Jean-Louis Nicolas, alikuwa Guy Robin mwenyewe. Wakati huo Robin alikuwa ameshaipata njia yake, na alikuwa ameenda mbele kuliko Ramanujan kwa jambo moja: alisema hasa "kubwa vya kutosha" maana yake ni nini. Maana yake ni kubwa kuliko 5040.

Msako unaendelea. Mwaka 2006 Keith Briggs alikagua namba zinazoweza kutiliwa shaka mpaka zile zenye tarakimu bilioni kumi. Hakuzipitia moja moja, jambo lisilowezekana, bali alizipitia zile pole kupindukia tu, kwa kuwa ikivuka yoyote, ya kwanza itakuwa miongoni mwao au karibu nao. Hakukuta mvukaji. Mwaka uliofuata YoungJu Choie, Nicolas Lichiardopol, Pieter Moree na Patrick Solé walichora sura ya mtuhumiwa: kama yupo, lazima awe shufwa, na lazima agawanyike kwa zao la namba tasa fulani iliyoandikwa mara tano na kuzidishwa, mathalani 32, ambayo ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2. Masharti hayo yanawahusu wanaotafutwa juu ya 5040. 5040 yenyewe isingeyatimiza, maana ina 2 nne tu.